Draiva Inayosema Ndiyo

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha asubuhi. Nimeshindwa. Tena mbele ya watu wote, na aliyenishinda ni wifi yangu!

Niandike polepole, labda hasira itapungua. Tunatengeneza mashine za dripu. Unaning'iniza chupa, mrija unapita ndani ya mashine, mashine inasukuma dawa tone kwa tone mpaka kwenye mkono wa mgonjwa. Baadhi ya mashine zetu zina jicho la hewa, kitu kidogo kama punje ya mchele, kazi yake kuutazama mrija tu. Kiputo cha hewa kikipita, mashine inasimama na kupiga kelele. Nyingine hazina jicho. Wifi anaandika skrini, ile ambayo nesi anaigusa. Mimi naandika draiva, programu inayokaa huko chini, kati ya skrini na vyuma. Skrini haivijui vyuma. Inauliza draiva: una uwezo gani? Draiva inajibu.

Swali la leo: ijibu vipi?

Mimi nikasema majibu yawe matatu. Ndiyo, hapana, na sijui. Na draiva isithubutu kusema ndiyo mpaka imekijaribu kifaa chenyewe na kukiona kinafanya kazi. Nilikuwa na karatasi nne. Wiki mbili nimeziandaa!

Wifi hakuwa na hata moja. Alisimama, akatabasamu mpaka vidimpozi vikatokea, akasema nesi ana wagonjwa kumi na wawili na mikono miwili. Ukimwandikia "sijui" kwenye skrini, afanye nini nayo? Aipigie magoti? Watu wakacheka. Akaendelea: kila bodi ya umeme ndani ya mashine ina namba ya aina yake. Draiva isome namba, iseme ndiyo au hapana, imetoka.

Bosi akapiga meza kwa kiganja. "Hivyo ndivyo! Rahisi."

Karatasi zangu ziliondolewa pamoja na vikombe vya chai. Moja ilikuwa na duara la kikombe juu ya neno "sijui".

Na nani alimleta pale? Mimi! Huu ni mwezi wake wa tano hapa. Nilimfuata Bosi mwenyewe nikamwambia, huyu ana akili, mpe nafasi, ni mdogo wake mume wangu lakini simpigii debe kwa sababu hiyo. Nimejipalia makaa.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika walichotaka. Mistari kumi na moja. Draiva inasoma namba ya bodi. Ikiwa ni ya aina ya pili, inasema ndiyo, jicho lipo. Haiangalii, haigusi. Inasema tu.

Mume wangu ameniuliza mbona nimenuna. Nikasema sijanuna. Akasema, "Dada kanipigia. Anasema kikao kilikuwa kizuri sana."

Kizuri kwake.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nusu ya ofisi imehamia kwenye meza ya Wifi. Amechora alama ya jicho la kijani. Mashine ikiwa na jicho la hewa, alama inafumbuka taratibu, inapepesa kope mara moja, inabaki wazi. Watu wazima na heshima zao wanapanga foleni kuliona jicho likipepesa! Fundi wa bodi naye yumo. Miaka sita nimekunywa chai na fundi huyu saa nne kamili, leo nimekunywa na ukuta.

Bosi alikuja na wageni wawili. Walipita nyuma ya kiti changu kama watu wanaopita nyuma ya kabati. Nikamsikia anawaambia skrini yetu inaongea na mashine moja kwa moja. Moja kwa moja! Na mimi hapo katikati ni hewa?

Hiyo ndiyo shida ya kazi yangu. Ikienda vizuri haionekani. Ukiona mtu anaitaja draiva, ujue imeharibika.

Basi naandika ukweli, hakuna anayesoma hapa. Naona gere. Naona gere kwa vidimpozi, kwa lile jicho la kijani, kwa jinsi anavyoweka kalamu nywelani na bado anapendeza. Mimi nikiweka kalamu nywelani nasahau, naitafuta siku nzima.

Jumapili, 9 Machi

Wamekuja chakula cha mchana, Wifi na mama mkwe. Nimepika mimi. Wifi kaleta matunda, na kila mtu kayasifu matunda.

Binti yangu hakushuka mapajani kwa shangazi yake tangu alipoingia. Wifi akamwonyesha kwenye simu lile jicho linalopepesa. Mtoto akapiga makofi. Kisha akanigeukia mimi:

"Na wewe mama unatengeneza nini?"

"Draiva."

"Nionyeshe."

"Haionekani, mwanangu. Iko ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani kabisa. Skrini ya shangazi ikitaka kujua kitu kuhusu mashine, inaiuliza draiva yangu. Ni kama mkalimani."

Akafikiri. Ana miaka saba, akifikiri anatoa ulimi. "Lakini ya shangazi ni nzuri," akasema, na hukumu ikawa imetolewa.

Mama mkwe akaanza habari za Wifi alipokuwa mdogo, alivyoifungua redio ya baba yao na kuifunga tena ikalia. Nimeisikia mara thelathini. Mume wangu anacheka palepale kila mara, kama hajawahi kuisikia. Mimi nilitoka na sahani. Nikiwa jikoni nikamsikia Wifi anawakatiza: jamani, msinisifu mimi, bila wifi hapo chini skrini yangu ni picha ya ukutani tu.

Na unajua nini? Iliniuma zaidi! Kilemba cha ukoka. Hata anaponipa sifa, yeye ndiye anayeondoka nazo, maana mama mkwe alisema hapohapo: "Unaona alivyo na moyo mwanangu?"

Nimesugua sufuria moja mpaka mkono umechoka.

Jumatatu, 10 Machi

Bodi mpya zimefika, zimeshafungwa kwenye mashine sita. Zote aina ya pili, zote zina namba ileile. Kazi yangu kuziwasha moja moja na kutazama namba zinazotoka chini, kabla Wifi hajazipaka rangi zake huko juu.

Namba moja, sawa. Jicho linasoma 811, 809, 812, 810. Ndivyo lilivyo jicho la kweli, halitulii. Mtu akipita karibu na meza linatikisika, taa ya dari ikiwaka linatikisika. Namba mbili, sawa.

Namba tatu: 1023. 1023. 1023. 1023.

Nikagonga meza. 1023. Nikapuliza mrija. 1023. Hiyo ndiyo namba ya juu kabisa, na kwa skrini maana yake mrija ni safi, hakuna hewa hata chembe. Nikasukuma hewa kwa makusudi, kiputo kirefu kama kucha. Kikapita, nikakitazama kwa macho yangu kikipita. 1023!

Nne, sawa. Tano, kama tatu. Sita, sawa.

Nikachukua bisibisi, nikaifungua namba tatu. Pale jicho linapotakiwa kukaa pana vitundu vinne. Vitupu. Hakuna jicho! Waliotuuzia wamechanganya bodi zenye macho na zisizo nayo, wakazibandika namba moja. Kwa nje huwezi kujua, maana mbele ya jicho pana kioo cheusi, liwepo lisiwepo ni kiza tu. Na waya usiounganishwa na kitu chochote husoma juu kabisa. Kwa hiyo mashine isiyo na jicho ndiyo inayosema kila kitu ni salama kuliko zote.

Na draiva yangu? Imesoma namba ya bodi. Imesema ndiyo. Juu kule jicho la kijani likafumbuka, likapepesa kope.

Nilicheka. Peke yangu, na bisibisi mkononi. Nilisema nini mimi? Nilisema nini kwenye zile karatasi nne?

Nimerudisha skrubu zote. Ijumaa Wifi anawaonyesha mashine hizi watu wa hospitali, kwa maji matupu, hakuna mgonjwa. Atasukuma hewa mbele yao na mashine itakaa kimya.

Nitamwambia kesho.

Jumatano, 12 Machi

Sijamwambia.

Jana alikuwa na shughuli. Leo asubuhi alikuwa peke yake, hakuna shughuli yoyote, akaniletea chai kwenye meza yangu na kuniambia nimependeza. Nikasema ahsante. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Kisha Bosi akapita akamwambia, "Malkia wetu, Ijumaa hiyo!" Nikayameza.

Nimefanya kazi, hata hivyo. Nimeandika draiva nyingine, niliyoitaka mimi. Haiamini namba ya bodi. Inaizima taa ndogo inayolimulika jicho kwa nusu sekunde na kutazama: jicho likiwepo kweli, namba inaporomoka, kwa sababu giza limeingia. Lisipokuwepo, namba haishtuki. Halafu ndipo inajibu. Nimeijaribu kwa zote sita. Moja, mbili, nne, sita: ndiyo. Tatu na tano: hapana. Safi! Nzuri sana, jamani, laiti ingekuwa na vidimpozi.

Nimeiweka kwenye flashi. Flashi iko kwenye pochi yangu. Mpango ni huu: Ijumaa mashine ikae kimya. Watu watazamane. Wifi abonyeze hiki na kile. Hapo ndipo nitasimama, polepole, wala sitamdhalilisha, nitasema tu, niruhusuni dakika moja. Nimeshachagua na nguo.

Fundi kaniuliza mchana: "Dada, zile tatu na tano ziko sawa? Nilikuona umezifungua."

Nikamwambia, "Zimewaka vizuri."

Si uongo. Zimewaka.

Ijumaa, 14 Machi

Nilivaa gauni la bluu bure.

Wifi alichukua mashine mbili zilizokuwa karibu na mlango. Moja na nne! Nilipoona namba kwenye vibandiko nilijua kabisa nilichokihisi: si faraja. Ni uchungu wa mtu aliyenyimwa.

Wamekaa watu wanane, pamoja na muuguzi mkuu wa wodi, mama mnene mwenye sauti ya chini ambaye huhitaji kuambiwa ndiye mkubwa. Wifi akaning'iniza chupa ya maji. Jicho la kijani likapepesa. Wakacheka kwa furaha. Akachukua bomba la sindano, akasukuma hewa. Mashine ikapiga kelele papo hapo. Makofi! Bosi alikuwa anapiga kwa mikono juu ya kichwa.

Muuguzi mkuu hakupiga. Aliuliza swali. Swali langu! Alisema, hii alama ya kijani, mmejuaje ni ya kweli? Sisi tukiiona tutageuka kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Nikainua kichwa. Nilifikiri sasa Wifi atababaika, ataanza habari za namba ya bodi. Hakubabaika hata kidogo. Akaninyooshea mkono mimi, kule nyuma.

"Yule pale ni wifi yangu, ndiye anayeandika draiva. Ikisema ndiyo, ni ndiyo. Miezi mitano sasa haijanidanganya hata siku moja."

Wote wakageuka. Muuguzi mkuu alinitazama kwa muda. Na mimi nikatabasamu. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Mara ya kwanza katika miaka sita watu kunitazama mle ndani, na nikafanya vile!

Wanataka mashine mbili wodini, wiki ijayo, za majaribio. Hazijachaguliwa zipi. Ziko sita, mbovu ni mbili. Nimekaa napiga hesabu za bahati kama mcheza kamari. Pengine wasizichukue hizo.

Jumamosi, 15 Machi

Ugomvi. Mume wangu kaanza asubuhi na dada, dada, dada. Muuguzi mkuu kampigia Bosi kumsifu, Bosi kampigia dada, dada kampigia yeye. Nikamwambia natamani nyumba hii ipitishe saa moja bila kutajwa dada yako. Akaacha kufunga viatu vya mtoto.

"Hivi wewe una kijiba cha roho na dada yangu?"

"Mimi? Kwa kipi?"

"Sijui. Nakuuliza."

Nikasema nina kazi nyingi tu. Akasema kwa upole (na upole wake ndio unaoniudhi) kwamba dada yake hakosi kunitaja, kila siku wifi kasema hivi, wifi kanifundisha vile, na kwamba yeye anajua nani aliyemfungulia mlango. Nilikuwa karibu kumwambia yote. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini ningeanzia wapi? Kwamba nilijua Jumatatu? Angehesabu siku kwa vidole, namjua. Nne, mpaka Ijumaa.

Nimeamua. Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla mashine hazijatoka, namwambia Wifi uso kwa uso. Nitasema nimegundua mwisho wa wiki.

Hapana. Hata hapo nimepanga uongo. Nitasema nimegundua, basi, bila kutaja siku.

Jumatatu, 17 Machi

Nilifika saa mbili kasoro. Wifi hayupo. Bosi hayupo. Gari la hospitali lilikuja saa moja.

Nikaenda kwenye rafu. Moja ipo. Mbili ipo. Nne. Sita.

Nilishika rafu. Fundi akaniuliza kama najisikia vizuri. Nikamuuliza nani kachagua. Akasema Wifi mwenyewe, kaja mapema, kaziwasha zote sita na kuzitazama kwenye skrini yake moja moja, kwa makini sana. Skrini inachora mstari wa kile jicho linachosoma. Mistari ya nyingine ilikuwa inatetemekatetemeka. Ya tatu na ya tano ilinyooka kama rula. Akamwambia fundi: hizi ndizo zilizotulia, hospitali tuwapelekee kilicho bora.

Zilizotulia! Na mimi ndiye ninayejua kwamba jicho la kweli halitulii. Sikuwahi kumfundisha hilo. Mengine yote nimemfundisha.

Nikampigia. Akapokea mara ya kwanza, nyuma yake kelele za vitanda vya magurudumu koridoni.

"Wifi wee! Njoo uone tulivyopokewa!"

"Mmefika salama?"

"Salama. Mbona sauti yako hivyo? Unaumwa?"

"Hapana. Wifi... ni maji tu, si ndiyo? Hamuweki kwa mgonjwa?"

"Maji tu mpaka Jumatano. Manesi wajifunze kwanza. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilitaka kujua tu."

Akasema, "Wewe bwana, usipoulizia mashine zako hulali," akacheka, akakata.

Nimekaa chooni robo saa. Mpaka Jumatano. Siku mbili! Naweza kwenda kesho jioni, niseme nimeleta marekebisho madogo ya draiva, niiweke kutoka kwenye flashi, alama ya kijani itoweke yenyewe kwa mashine zote mbili. Watauliza kwa nini. Nitasema draiva mpya ina uangalifu zaidi. Nani atajua? Fundi atajua, alinikuta nazifungua. Na faili lenyewe kwenye flashi limeandikwa tarehe 12. Naweza kubadilisha tarehe ya faili. Nimefikiria hilo kweli, nimelifikiria mpaka mwisho, na amri ya kuibadilisha naijua kwa kichwa.

Mtu anayebadilisha tarehe ya faili ili wifi yake asijue alinyamaza. Huyo ndiye mimi, mwenye karatasi nne za ukweli.

Jumanne, 18 Machi

Niko kwenye benchi la nje ya wodi. Saa nane na dakika kumi mchana. Naandika ili nisiondoke.

Saa sita Bosi alituma picha kwenye kundi la ofisi. Wifi na manesi wanne, mashine katikati, jicho la kijani wazi. Maneno chini yake: muuguzi mkuu ameridhika, hawangoji Jumatano, leo mchana wanaanza na wagonjwa wawili. Hongera timu! Watu wakaanza kumimina vidole gumba.

Nikampigia Wifi. Imezimwa. Tena. Imezimwa. Wodini simu hazitakiwi. Nikampigia Bosi, inatumika. Nikaandika kwenye kundi: SIMAMISHENI MASHINE, HAZINA JICHO. Nikaitazama. Watu kumi na moja wangeisoma kwa mpigo mmoja. Nikaifuta.

Nimeifuta! Niandike hivyo hivyo, nisijipambe.

Nikachukua gari la kukodi. Njia nzima nikamwambia dereva aharakishe, akanijibu kwamba mbele yake kuna magari, si yeye aliyeyaweka. Nimepanda ngazi ghorofa tatu. Mlangoni mlinzi akasema, subiri kidogo dada, ndani wanafunga mashine, wakimaliza utaingia. Neno la kumwambia lilikuwa moja tu: dharura. Angefungua mbio. Nikasema sawa, nikakaa.

Dakika nne nimekaa. Mlango una kioo. Namwona Wifi. Kalamu nywelani. Yuko katikati ya manesi, anawaonyesha kitu kwenye skrini, wanacheka. Muuguzi mkuu naye anacheka! Yule asiyepiga makofi! Na najua kilichoko ndani ya mashine ile, vitundu vinne vitupu, na bado kitu cha kwanza kilichoniingia nilipoona wanacheka ni kilekile. Kwa nini yeye.

Flashi iko mkononi. Imelowa jasho.

Sentensi ni hii: Wifi, nilijua tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, zitoeni kwa wagonjwa sasa hivi. Nimeirudia mara tano. Kila mara inafupika. Mara ya mwisho "nilijua" haikuwemo.

Kwenye benchi yuko mzee mmoja, kofia ameiweka gotini. Mkewe yumo ndani, kitanda cha pili. Ameniambia bila kuulizwa. Wamemweleza kwamba mama amebahatika, amepata mashine mpya, ina jicho lake lenyewe, haisinzii. Usiku uliopita alikaa naye akiutazama mrija mpaka macho yakauma. Leo wamemwambia apumzike. Anasema hayo na tabasamu la mtu aliyetuliwa mzigo.

Nesi amepita na chupa ya dripu. Si maji ya majaribio, ina karatasi yenye jina. Ameingia.

Nasimama sasa.

Wifi ameniona. Ananipungia kwa mikono miwili. Amewageukia manesi, anawaambia kitu, ananionyesha kwa kidole. Wote wametazama huku. Wanapiga makofi. Kwangu mimi! Kioo kinazuia, sisikii kitu, naona mikono tu. Na muuguzi mkuu anapiga.

Mungu anisamehe, nimefurahi.

Mzee ametazama kioo, kisha mimi. "Kumbe ni wewe uliyeitengeneza?" Ameinuka, kofia imeanguka, hajaiokota. Anataka kunipa mkono. Inabidi niweke kalamu chini.